Elektroni Inapopita Kati ya Mabamba Mawili

Mwaka 1883 mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz alipitisha miale ya kathodi, ile inayotoka kwenye ncha hasi ya neli ya kioo iliyotolewa hewa, katikati ya mabamba mawili ya chuma, moja lenye chaji chanya na jingine lenye chaji hasi. Alitaka kujua jambo moja: je, miale hiyo itapinda? Ikiwa ni mkondo wa chembe zenye chaji, sharti ipinde kuelekea bamba mojawapo. Haikupinda. Hertz akaona kwamba basi miale hiyo si chembe bali ni mtikisiko fulani unaofanana na mawimbi, na wenzake wengi wa Ujerumani walikuwa na maoni kama hayo. Miaka 14 baadaye, katika maabara ya Cavendish huko Cambridge, Uingereza, J. J. Thomson alirudia jaribio lilelile. Safari hii miale ilipinda, na kwa kupima kiasi ilichopinda Thomson akaitambua chembe nyepesi kuliko atomi yoyote. Leo tunaiita elektroni.

Hesabu iliyo nyuma ya jaribio hilo ni fupi, na kila mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha sita hukutana nayo. Lakini ndani yake mna fundo ambalo wengi hulipita bila kuligusa. Kuna mazingira ambamo elektroni na protoni, chembe yenye chaji chanya iliyo ndani ya kiini cha atomi, ambayo tungamo lake ni mara 1,836 ya lile la elektroni, hupinda kwa kiasi kilekile kabisa. Kuna mazingira mengine ambamo elektroni hupinda mara 1,836 zaidi ya protoni. Na kuna mengine tena ambamo protoni ndiyo inayopinda zaidi. Uga, yaani eneo ambamo chaji husukumwa, ni uleule, na mabamba ni yaleyale. Anayeelewa kwa nini inakuwa hivyo ameielewa mada nzima, na anaweza kuiona kazi ya Thomson kwa uzito wake halisi.

Tuanze na mabamba yenyewe. Chukua mabamba mawili bapa yaliyo sambamba, mwanya wa sentimita 2 ukiyatenganisha, kisha yaunganishe na chanzo cha umeme cha volti 200. Nafasi iliyo katikati inakuwa na uga wa umeme. Mradi mabamba ni mapana kuliko mwanya, uga huo una nguvu moja na mwelekeo mmoja kila mahali, isipokuwa karibu na kingo ambako unabinuka kuelekea nje. Nguvu yake ni volti ukigawanya kwa umbali kati ya mabamba: 200 kwa mita 0.02, yaani volti 10,000 kwa kila mita.

Chembe yenye chaji ikiwa popote mle ndani husukumwa na kani isiyobadilika, ambayo ni chaji yake mara nguvu ya uga. Hapa pana kosa linalojirudia sana. Wengi hudhani kwamba elektroni ikikaribia bamba chanya huvutwa kwa nguvu zaidi. Dhana hiyo hutoka kwenye kanuni ya Coulomb, ambayo inahusu chaji mbili ndogo kama nukta, na hapo kweli ukaribu huongeza mvuto. Bamba pana halina tabia hiyo. Chaji zimetawanyika juu ya uso wake wote, na zikijumlishwa, uga wake karibu na katikati haupungui ukisogea mbali kidogo wala hauongezeki ukikaribia. Kwa hiyo elektroni iliyo nywele moja kutoka bamba chanya na ile iliyo nywele moja kutoka bamba hasi husukumwa sawasawa, zote kuelekea bamba chanya.

Sasa namba. Chaji ya elektroni ni kulombu 1.6 × 10⁻¹⁹, kwa hiyo kani katika uga wetu ni niutoni 1.6 × 10⁻¹⁵. Ni kani ndogo mno, lakini inasukuma kitu chenye tungamo la kilogramu 9.11 × 10⁻³¹ tu. Gawanya, na mchapuko, yaani kiasi ambacho mwendo huongezeka kila sekunde, unakuwa mita 1.76 × 10¹⁵ kwa sekunde mraba. Mvutano wa dunia hukipa kitu kinachoanguka mchapuko wa 9.8. Chanzo cha volti 200 na mabamba mawili ya chuma vinaishinda dunia nzima kwa zaidi ya mara trilioni 100. Kila nikizitazama namba hizi mbili zikiwa zimekaa pamoja, nastaajabu upya.

Ikiwa elektroni inaachiwa kutoka mahali imetulia, hadithi yake ni fupi: inakwenda moja kwa moja hadi bamba chanya ikizidi kuongeza mwendo. Ikianzia kwenye bamba hasi lenyewe, inafika upande wa pili ikiwa na mwendo wa mita milioni 8.4 hivi kwa sekunde. Hapo kuna jambo la kushika, kwa maana tutalihitaji: nishati inayoipata inategemea volti ilizopitia na chaji yake, basi. Sogeza mabamba yakaribiane, uga unakuwa na nguvu zaidi lakini safari inafupika, na elektroni inafika na nishati ileile.

Mambo yanakuwa matamu pale elektroni inapoingia kutoka pembeni, ikiwa tayari ina mwendo wake, ikipita sambamba na mabamba. Mfano unaosaidia ni jiwe lililorushwa mlalo kutoka juu ya ukuta mrefu. Jiwe huendelea kusonga mbele kwa mwendo ule uliotoka mkononi, kwa sababu hakuna kinacholisukuma wala kulizuia kwa upande huo tukiiweka hewa kando. Papo hapo huanguka, na kuanguka kwake huongezeka kila nukta. Miendo hiyo miwili haiingiliani. Elektroni kati ya mabamba inafanya vivyo hivyo: mwendo wa mbele haubadiliki, mwendo wa kuelekea bamba chanya unakua kwa kiasi kilekile kila sekunde, na njia inayochorwa na miendo hiyo miwili ni parabola.

Tuifuate moja. Iwe imeingia kwa mwendo wa mita 2 × 10⁷ kwa sekunde, mwendo ambao elektroni huupata ikipitishwa kwanza kwenye tofauti ya volti 1,140 hivi, na mabamba yawe na urefu wa sentimita 4. Inayapita kwa sekunde 2 × 10⁻⁹, yaani sehemu mbili za bilioni za sekunde. Kwa muda huo mfupi inasogea kuelekea bamba chanya kwa nusu ya mchapuko mara muda mraba, ambayo ni milimita 3.5. Na uzito wake je? Katika muda huohuo dunia huiangusha kwa mita 2 × 10⁻¹⁷, umbali ulio chini hata ya upana wa protoni moja. Vitabu vinaposema "tupuuze uzito wa elektroni", sababu ndiyo hiyo.

Ikitoka nje ya mabamba, kani inaisha. Wanafunzi wengi huendelea kuchora mkunjo hadi kwenye kioo kinachong'aa pale chembe inapogonga, kana kwamba chembe ina mazoea ya kupinda. Haina. Kuanzia ukingoni inakwenda kwa mstari ulionyooka, kwa pembe iliyokwishapata, ambayo kwa mfano wetu ni nyuzi 10. Kioo kikiwa sentimita 20 mbele, inagonga karibu sentimita 3.9 kutoka pale ambapo ingegonga bila uga. Kuna njia nzuri ya kulikumbuka hilo: ukiurudisha nyuma mstari ule ulionyooka, unakutana na njia ya awali katikati kabisa ya mabamba, kana kwamba elektroni ilikata kona moja kali pale kati. Kwa kuchora haraka, njia hii hupunguza hesabu nusu nzima.

Kosa jingine ninalotaka tuling'oe ni lile la kusema kwamba chembe hufuata mistari ya uga. Mistari ya uga huonyesha kani inaelekea wapi, na kani huonyesha mwendo unabadilika kuelekea wapi. Haisemi mwendo wenyewe uko wapi. Elektroni yetu iliingia ikiikata mistari hiyo kwa pembe mraba, na mpaka inatoka ilikuwa bado inaikata kwa nyuzi 80. Chembe hufuata mistari ya uga ulionyooka pale tu inapoanza ikiwa imetulia, au inapokuwa tayari inakwenda sambamba nayo. Vilevile, njia haiwi duara. Duara ni la uga wa sumaku, ambao kani yake hugeuka pamoja na mwendo wa chembe. Kani ya uga wetu haigeuki.

Fundo lenyewe

Jiwe zito na jiwe jepesi yakirushwa kwa mwendo mmoja huanguka kwa njia moja, kwa sababu tungamo linaloongeza mvuto ndilo hilohilo linalofanya jiwe liwe gumu kusukumika, na yote mawili hufutana. Katika uga wa umeme hakuna kufutana kwa namna hiyo. Kani hutegemea chaji, ugumu wa kusukumika hutegemea tungamo, na chaji na tungamo ni sifa mbili zisizofungamana. Elektroni na protoni zina chaji ya kiasi kimoja, moja hasi na moja chanya, lakini matungamo yao yako mbali sana.

Kwa hiyo tuingize elektroni na protoni kwa mwendo mmoja. Zinakaa kati ya mabamba kwa muda mmoja, kani ni sawa, na elektroni inapinda mara 1,836 zaidi, upande wa pili. Hili ndilo jibu ambalo kila mtu hulitarajia.

Lakini katika maabara hakuna anayezipa chembe mwendo mmoja kwa mkono. Tunazipa mwendo kwa volti. Tuziingize zote mbili baada ya kuzipitisha kwenye volti zilezile 1,140, protoni ikiwa imesukumwa kwa mwelekeo wa volti unaoifaa. Nishati yao ni moja, kwa kuwa chaji ni moja, lakini protoni nzito inatoka taratibu: mita 467,000 kwa sekunde, mwendo mdogo kuliko wa elektroni kwa karibu mara 43. Ndani ya mabamba mchapuko wake ni mdogo mara 1,836. Ila kwa kuwa inakwenda polepole, inakaa mle mara 43 zaidi, na umbali wa kusogea hukua kwa mraba wa muda. Na 43 mara 43 ni 1,836 hivi. Uzembe wa kuchapuka unalipwa na urefu wa kukaa, senti kwa senti. Protoni nayo inasogea milimita 3.5.

Ukiandika hesabu kwa herufi, hali hiyo inaonekana waziwazi. Kiasi cha kupinda ndani ya mabamba kinabaki kuwa nguvu ya uga mara urefu wa mabamba mraba, ukigawanya kwa volti za kuharakisha mara 4. Chaji imetoweka. Tungamo limetoweka. Hata chembe ya alfa, yenye chaji maradufu na tungamo la karibu protoni nne, ingefuata njia ileile ya protoni. Volti tu ndizo zinazoamua.

Na mazingira ya tatu: chembe zenye zao moja la tungamo na mwendo, kile kinachoitwa momenta. Hapo protoni ndiyo inayokwenda polepole mara 1,836, inakaa kwenye uga kwa muda mrefu kiasi hicho, na inapinda mara 1,836 zaidi ya elektroni. Kwa hiyo swali la mtihani linalouliza "ipi itapinda zaidi?" halina jibu mpaka useme chembe hizo zina nini kilicho sawa: mwendo, nishati au momenta.

Kilichomfikisha Thomson

Sasa tazama tatizo lililokuwa mezani kwa Thomson. Alikuwa na miale asiyoijua chaji, tungamo wala mwendo wake. Kuipindisha kwa mabamba peke yake kungempa namba moja tu, ambamo uwiano wa chaji kwa tungamo umechanganyika na mwendo. Na kama tulivyoona, kuzijua volti zilizoisukuma miale hakusaidii, kwa kuwa kiasi cha kupinda hakiitambui chembe. Uga wa umeme peke yake ulikuwa kipofu kwa kile alichokitafuta.

Akaongeza uga wa sumaku. Kani ya sumaku, tofauti na ya umeme, hukua kadiri chembe inavyokwenda mbio. Alirekebisha sumaku hadi kupinda kwake kukalingana na kule kwa umeme, na kutoka kwenye ulinganifu huo mwendo ukapatikana: nguvu ya uga wa umeme ukigawanya kwa nguvu ya uga wa sumaku, bila kuhitaji kujua chaji wala tungamo. Ulikuwa mita milioni 22 hadi milioni 36 kwa sekunde, yaani karibu na sehemu ya kumi ya mwendo wa mwanga. Mwendo ukishajulikana, parabola inaacha kuwa kipofu. Uwiano wa chaji kwa tungamo unasomeka.

Aliubadilisha utaratibu mara kadhaa: akatumia hewa, haidrojeni na kaboni dioksidi ndani ya neli, akatumia kathodi za alumini na platinamu. Uwiano ulibaki palepale, na ulikuwa karibu mara elfu moja ya ule wa ayoni ya haidrojeni, yaani atomi ya haidrojeni yenye chaji. Aliutangaza ugunduzi wake London tarehe 30 Aprili 1897. Thamani aliyoipata kwa mabamba ilikuwa pungufu ya nusu ya ile tunayoitumia leo, kulombu 1.76 × 10¹¹ kwa kilogramu, lakini hilo halikuuharibu ujumbe wake. Kosa la mara mbili haliwezi kuficha tofauti ya mara elfu.

Na Hertz? Kilichomkwamisha kilikuwa hewa. Ndani ya neli yake kulibaki gesi ya kutosha, na miale ilipoipita iliipasua kuwa ayoni. Ayoni chanya zikakimbilia bamba hasi, hasi zikakimbilia bamba chanya, zikayafunika, na uga wa katikati ukafifia hadi karibu kutoweka. Hertz alikuwa anauliza swali sahihi mahali ambapo uga haukuwepo. Thomson aliitoa hewa zaidi, na baada ya hapo hata tofauti ya volti 2 ilitosha kuipindisha miale. Parabola yote tuliyoichora hapo juu inadai ombwe, nafasi isiyo na hewa ya kukwaza chembe wala kuuziba uga.

Kuanzia 1909 Robert Millikan, huko Chicago, aliyatumia mabamba kwa namna nyingine kabisa. Chembe zake zilikuwa matone madogo ya mafuta yaliyoelea hewani kati ya mabamba yaliyolazwa, chini ya maelfu ya volti. Hapo uzito haupuuzwi hata kidogo: tone la mafuta ni zito mara mabilioni mengi kuliko elektroni ilhali chaji yake ni ya elektroni chache tu. Alipima uzito ukishindana na kani ya umeme, na akaona kwamba chaji ya kila tone huja kwa mafungu kamili ya kiasi kimoja kidogo. Kiasi hicho ndicho chaji ya elektroni. Kikiunganishwa na uwiano wa Thomson, tungamo la elektroni likapatikana.

Hesabu hii bado inafanya kazi mbele ya macho yetu. Chukua chupa ya maji au soda uitazame tarehe ya kuisha muda, ile iliyoandikwa kwa vitone. Mashine nyingi za viwandani zinazoandika hivyo hurusha matone ya wino makumi ya maelfu kwa sekunde, yote kwa mwendo mmoja na ukubwa mmoja, kisha kila tone hupewa chaji yake kabla ya kupita kati ya mabamba mawili. Tone lenye chaji kubwa linapinda sana, lenye chaji ndogo linapinda kidogo, na lisilo na chaji linakwenda moja kwa moja kwenye mfereji na kurudishwa kwenye tangi. Hapa tuko katika mazingira ya kwanza, ya mwendo mmoja, na ndiyo sababu chaji inaweza kutumika kama usukani.

Osiloskopu za zamani, vyombo vya kuonyesha jinsi volti zinavyobadilika, zilitumia mazingira ya pili, ya nishati moja. Elektroni zake ziliharakishwa kwa volti maalumu, kisha volti inayopimwa ikawekwa kwenye mabamba. Kwa kuwa kupinda ni sawia na volti hizo, nuru kwenye kioo ilipanda na kushuka pamoja nazo kwa uaminifu. Televisheni za chogo ni habari nyingine, ingawa mara nyingi hutajwa pamoja. Zenyewe zilipindisha elektroni kwa koili za sumaku zilizofungwa shingoni mwa neli. Zilihitaji kuharakisha elektroni kwa zaidi ya volti 20,000 ili picha ing'are, na hesabu yetu inasema kwamba ukizidisha volti za kuharakisha mara nne, mabamba hupoteza robo tatu za uwezo wao wa kupinda. Sumaku hupoteza nusu tu. Kwa kioo kipana, sumaku ndiyo iliyofaa.

Katika volti za namna hiyo parabola yenyewe huanza kulegea. Elektroni ya televisheni ilikwenda kwa zaidi ya robo ya mwendo wa mwanga, na hapo kanuni za Einstein hudai sehemu yao. Uga unapoiongezea chembe nishati, inazidi kuwa ngumu kusukumika kwa kila upande, hata ule wa mbele usioguswa na kani, kwa hiyo mwendo wa mbele unapungua kidogo wakati momenta yake ya mbele haibadiliki. Ukiifuata hesabu hiyo hadi mwisho, njia inakuwa mkunjo uleule ambao mnyororo huuchora ukishikwa ncha zake mbili, na parabola ni sehemu yake ya chini tu, pale ambapo mwendo ni mdogo. Kwa elektroni yetu ya volti 1,140, tofauti kati ya mikunjo hiyo miwili ni ndogo kuliko unene wa nukta ya nuru kwenye kioo.